Ulizo la 27: Umewahi Kuanguka?

Jumatatu, 2 Mei 2016

Enquête imeanza! Tumengoja toka Januari — ruhusa ya kamati, ruhusa ya institut, tableti zilizolala wiki tatu mpakani Mahagi. Leo saa mbili kamili nilikuwa oditwari, ukumbi wa masomo, na fulana ya kijani ya projet. Inanipwaya. Haidhuru.

Kazi yenyewe: wanafunzi, mmoja mmoja, maulizo arobaini na moja. Sehemu moja ni ya moyo — usingizi, huzuni, hofu, yale waliyoyaona utotoni wakati wa vita. Sehemu nyingine ni ya ugonjwa wa mto, ule wa vijinzi vyeusi: ngozi kuwasha, macho kufifia, na wengine waliokulia karibu na maji kupata kifafa. Professeur Gaspard anataka kujua kama mambo haya yanatembea pamoja. Yeye ndiye mkubwa wa enquête. Ndiye pia directeur wa mémoire yangu, andiko la kumalizia masomo, kwa hiyo mpaka Julai akikohoa, mimi nashika kifua.

Kiswahili cha maulizo ni changu. Nilikitafsiri mwenyewe toka Kifaransa, wiki mbili. Najivunia, niseme ukweli.

Watu kumi na tisa leo. Mgongo!

Jumatano, 4 Mei

Kitu kinanisumbua. Ulizo la 27: *Umewahi kuanguka?* Wengi mno wanajibu ndiyo. Wanajibu haraka tena, bila aibu, mwingine anacheka. Mtu mwenye kifafa anacheka?

Yannick, anayekusanya majibu kwenye ordinatère, kompyuta ya projet, ameniuliza kama Bunia nzima inaanguka. Anaona mzaha. Nikamwambia achunge betri za tableti zake.

Ijumaa, 6 Mei

Nataka ardhi inimeze.

Saa nne aliingia kijana wa mwaka wa pili, Fabrice, shati limepigwa pasi vizuri. Umewahi kuanguka? Ndiyo. Mara ngapi? Mbili. Ukishaanguka unajisikiaje? Vibaya, hata chakula hakipiti. Familia inafanya nini ukianguka? Baba yake hakumsemesha mwezi mzima. Nikamwonea huruma, karibu nimshike mkono. Halafu ulizo la 30, kama anajua kilichosababisha.

— Ni statistique, akasema. Ule assistant hapana kupenda miye.

Statistique!

Mtihani. Anaongea juu ya mtihani! Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya choo, sijui nilicheka au nililia. Hapa institut kuanguka ni jambo moja tu: jina lako halikusomwa kwenye proclamation ya matokeo, unarudi mtihani kikao cha pili. Mimi mwenyewe nimeanguka mwaka 2013. Nilisahau vipi?

Kosa ni langu, niliandike hapa maana sijaliandika popote. Kamati ilikataa neno kifafa — linatia watu haya, walisema. Mimi nikakumbuka nyanya yangu wa Boga, alikuwa anasema "ugonjwa wa kuanguka", kwa sauti ya chini, kwa heshima. Nikaweka hivyo. Halafu Yannick akasema ulizo ni refu, linaruka nje ya kioo cha tableti, nipunguze maneno mawili matatu. Nikaondoa "kupata ugonjwa wa". Yaani katika uchunguzi wa ugonjwa, nikautoa ugonjwa.

Jumatatu, 9 Mei

Nimemwambia Professeur. Au nimejaribu.

Nilimkuta na karatasi ya mchoro, uso unang'aa. Hajaniacha nikae. Angalia, Viviane! Wanaoanguka wana huzuni mara tatu zaidi kuliko wasioanguka! Anaenda kuonyesha jambo hili Kinshasa, mbele ya wafadhili.

Nikasema: Professeur, lazima wawe na huzuni. Wameanguka mtihani.

Kwanza hakuelewa. Halafu alielewa, niliona kabisa, macho yake yalisimama kidogo. Halafu akaamua kutoelewa. Akasema outil, yaani maulizo yetu, imeshakubaliwa, haiguswi katikati ya kazi. Fishi mia moja na zaidi za majibu zimeshaondoka.

— Na tafsiri ni ya nani? Ni miye nilitia sinyatire, jina chini ya karatasi? Weye! Kuanguka ni kuanguka. Endelea na kazi.

Nikaendelea na kazi. Leo watu ishirini na wawili. Kumi na tatu "wanaanguka". Nabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nina hasira naye na nina hasira nami, na sijui ipi ni kubwa.

Jumatano, 11 Mei

Leo mmoja amesema hapana, na hapana yake nimeipenda! Domitille, mwaka wa tatu wa laboratoire, wa kwanza katika promotion yake, darasa zima. Nilipomuuliza kama amewahi kuanguka alinyoosha shingo.

— Miye? Hata siku moja! Uliza ba professeurs.

Karibu nimkumbatie kwa majivuno yale. Yeye ni wa kijiji kimoja upande wa Marabo, nyumbani kwao ni karibu na maporomoko ya mto. Mikono yake ina mabaka, kama ngozi iliyokunwa miaka mingi. Dawa ya kila mwaka ya ugonjwa wa mto, ile wanayompima mtu urefu kwa fimbo kabla ya kumpa vidonge, amekunywa mara moja tu. Miaka ya vita wenye fimbo hawakufika kwao. Baadaye walifika, na wao walikuwa wamekimbia.

Kwenye maulizo ya moyo amejibu hapana yote, kasoro moja. Unajisikia peke yako? "Kila siku." Akaangalia dirisha. Nikabonyeza. Tableti haina mahali pa kuandika kwamba aliangalia dirisha.

Alhamisi, 12 Mei

Domitille ana kifafa.

Leo saa saba mchana, kwenye robinet, bomba la maji nyuma ya bweni la wasichana. Nilikuwa napita na tableti zangu. Bidon yake ya maji iligonga sementi, nikageuka, yeye yuko chini, mwili unatetemeka wote, macho meupe. Wasichana wawili walikimbia. Mmoja alipiga kelele wasiguse mate yake, watapata nao. Hapa watu bado wanaamini hivyo, hata wanaosomea afya ya watu, santé publique!

Rafiki yake Rébecca, anayelala naye chumba kimoja, ndiye aliyejua la kufanya. Alimlaza ubavu, akamfunika kitenge, akawaambia waliosimama kwamba ni njaa, ni gastrite ya tumbo, waende zao. Aliongea kama askari. Baadaye alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma, akaniita yaya kama dada yake mkubwa.

— Yaya, tafazali, hapana kuambia Maman Léonie. Batamutosha inje. Mwaka jana balitosha mumoja na godoro yake mu mvua.

Maman Léonie ndiye msimamizi wa bweni, ndiye anayefukuza. Nikaapa sitasema. Nikauliza kama inatokea mara nyingi. Kwao, Rébecca akasema, hawautaji ugonjwa kwa jina. Mama yake Domitille anasema tu mtoto *anaendaka*, yaani huenda. "Leo ameenda." "Ameenda, lakini amerudi." Basi nao wanasema hivyohivyo chumbani, ili wengine wasijue. Ameenda mara nne toka Pasaka.

Kuenda! Neno hilo lingeingia kwenye tableti bila shida yoyote.

Jioni kabla ya sala nilikwenda kumwona. Analala kwenye mkeka chini, kitanda chake anawekea vitabu. Ndipo nikaelewa kwa nini hakai karibu na mbabula, jiko la makaa, kwa nini oditwari yuko daima mstari wa nyuma, ubavu ukutani. Nikamuuliza, polepole, kwa nini alinijibu hapana.

— Yaya, weye uliuliza kama nilianguka. Mi sijaanguka. Miye naendaka.

Hakuwa anadanganya. Nadhani. Au alikuwa anadanganya na alishukuru kwa neno langu lililomfungulia mlango wa kutokea. Sitajua.

Jumamosi, 14 Mei

Liste ya wagonjwa imetoka. Ijumaa anakuja docteur wa magonjwa ya kichwa, Docteur Annie, kwa ndege, siku moja tu. Ataona watu ishirini. Ataandika dawa, na projet itatoa dawa hizo miaka miwili. Miaka miwili! Domitille hajawahi kuonwa na daktari hata mmoja. Mafuta ya maombi, majani, ndiyo hayo tu.

Ishirini hao wamechaguliwa na ordinatère kati ya waliojibu ndiyo. Fabrice wa statistique yumo. Domitille hayumo, wala hawezi kuwemo. Alisema hapana.

Nikamwomba Yannick afungue fishi yake tubadilishe jibu moja. Moja tu! Akainua mikono. Fishi ikishaondoka, imefungwa. Na nikiweza kufungua hiyo, akasema, utaniomba zote, si ndiyo? Mi natafuta mukate tu, Viviane.

Ana haki. Ndicho kinachoniudhi, kila mtu ana haki hapa.

Jumanne, 17 Mei

Sikukuu. Muziki kila upande, pikipiki zinapita na bendera.

Nimeandika barua kwa Professeur. Ukurasa mzima: neno ni baya, kosa ni langu, fishi zote za ulizo la 27 zitupwe, Domitille aingizwe. Nikaisoma tena. Nikaona jina langu chini. Nikaona Julai, mama yangu ameshanunua kitambaa cha siku ya défense, siku ya kutetea mémoire. Nikaichana.

Mwoga! Niandike kwa herufi kubwa? MWOGA.

Nimeamua hivi: Domitille aje Ijumaa, akae kwenye benchi ya nje. Mimi nitakuwa ndani kama mtafsiri, maana projet inataka maulizo kwa Kiswahili kilekile cha tableti, na Docteur anajua Lingala na Kifaransa tu. Docteur akipumzika nitamnong'oneza. Nimemweleza Domitille. Akauliza kama na Professeur atakuwepo. Nikasema ndiyo. Akasema atakuja, lakini nisitumie lile neno langu, kuanguka, mbele ya watu.

Ijumaa, 20 Mei

Saa sita na nusu. Naandika kwenye magoti, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Wagonjwa! Hakuna hata mmoja.

Tumeanza saa mbili. Namba moja alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza. Docteur akauliza ameanguka mara ngapi. Nikatafsiri. Msichana akajibu mbili, mtihani wa mifupa na mtihani wa dawa. Docteur akanigeukia. Professeur naye, toka mezani kwake na liste, akanigeukia.

Nikasema: mara mbili.

Basi. Nimekata ulimi wa mtoto wa watu katikati, na nimeendelea hivyo asubuhi nzima. Nilijiambia nitasema baada ya namba tano. Halafu kumi. Docteur anagonga magoti yao, anamulika macho yao, anazidi kukunja uso. Vijana wazima kabisa! Namba kumi na moja aliuliza kama cheti cha daktari kitamsaidia kwenye kikao cha pili.

Sasa hivi ameniuliza kwa Kifaransa, bila ukali, kama natafsiri yote. Nimesema ndiyo, docteur.

Saa saba na dakika kumi. Tuko namba kumi na nne. Ndege ni saa kumi.

Domitille yuko kwenye benchi toka saa moja. Namwona mlango ukifunguliwa. Amevaa blauzi nyeupe ya laboratoire, sijui kwa nini, labda ili aonekane mtu wa maana. Hajala. Hajalala vizuri pia, Rébecca amesema, na asipolala ndipo inapokuja. Nilijua hilo. Nilimwambia aje saa moja hata hivyo, ili awe karibu.

Saa saba na nusu. Namba kumi na tano, Fabrice. Shati lilelile. Nikatafsiri: mara mbili. Hata sikungoja ajibu. Fabrice ameniangalia. Anajua Kifaransa vizuri kuliko mimi.

Ametoka. Sasa. Nasema sasa. Nimeshafungua mdomo, Professeur ameinua kidole: kumi na sita, haraka, tunachelewa. Nimefunga mdomo.

Bidon au kiti, kitu kimegonga sementi huko nje.

Rébecca anapiga kelele uani:

— Domitille ameenda! Yaya Viviane! Domitille ameenda!

Professeur hajainua kichwa toka kwenye liste.

— Aende tu. Siye tuko na kazi.

Docteur ameweka kalamu chini. Anasikia sauti ile, haelewi maneno. Ananiangalia mimi, anauliza yule msichana anasema nini. Anangoja nimtafsirie.