Mkono wa Baba Umenyamaza

Ghorofani, juu ya duka la cherehani
Jumatano, tarehe 9

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi na yule binti yenu ambaye nasikia ameota meno na tayari ameng'ata watu wawili. Hapa tu wazima kwa kiasi. Ningeandika "wazima kabisa," lakini hujanizoea kwa uongo.

Uliniuliza kwa simu maana ya fistula nami nikajibu ovyo. Ni njia inayotengenezwa na daktari wa upasuaji, chini ya ngozi ya mkono, kwa kuunganisha mshipa unaoleta damu kutoka moyoni na mshipa unaoirudisha. Damu ya kasi huutanua huu wa pili hadi uweze kustahimili sindano mbili nene, mara tatu kwa wiki. Bila njia hiyo, mashine ya kusafisha damu badala ya figo haina pa kuingilia. Ukiigusa, unasikia mtetemo chini ya kidole. Baba aliuita cherehani yake ya pili.

Jumamosi asubuhi mtetemo haukuwapo.

Alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio, "Hakimu, hebu gusa hapa. Mimi sisikii kitu." Niligusa, nikasogeza kidole, nikagusa tena.

Hospitalini walikuta damu imeganda. Walijaribu kuizibua njia wakashindwa. Sasa ana mrija wa muda shingoni. Muuguzi alituonya kwamba mrija huo huingiza vijidudu kwa urahisi, na tangu jana nimempima Baba joto mara kumi na moja. Daktari anataka kutengeneza njia nyingine Jumatatu, mkono uleule, karibu na kiwiko. Hiyo nayo ikiziba, utabaki mkono wa kulia, ambao ndio wa mkasi. Baba akamwomba daktari amwazime wake. Daktari alicheka. Mimi sikuweza.

Muuguzi alimwuliza kama mkono ulibanwa na saa, bangili au kipimo cha presha. Baba alikana kwa moyo mweupe. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, Kaka. Ijumaa alikuwa amerudi kwenye cherehani kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, kimto cha pini kimefungwa kwa mkanda wa mpira kwenye kifundo cha mkono huohuo, kama alivyokifunga miaka arobaini. Hakihesabu kuwa kitu kinachobana. Kwake ni sehemu ya mkono. Mimi nilikiona, na alama yake kwenye ngozi niliiona. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa akipiga mluzi.

Sidai kwamba mkanda ndio uliosababisha. Alhamisi, baada ya mashine, presha yake ilishuka mno, na daktari anasema hilo peke yake lingetosha kugandisha damu. Hakuna kipimo kitakachotenganisha mambo haya mawili. Kimto nimekificha.

Tatizo ni fomu ya upasuaji, ambayo hajatia saini. Jana alimwambia mama mdogo, "Mwili ukikataa wenyewe bila kosa la mtu, usiulazimishe." Akijua kwamba huenda haukukataa wenyewe, pengine atakubali kujaribu tena. Au atajilaumu na kuifunika cherehani moja kwa moja, unamjua. Mrija wa shingoni hauwezi kumngojea aamue polepole.

Mama mdogo anakusalimu sana. Babu Miwani wa duka la jirani naye anakusalimu, na anauliza kama huko nako watu huzeeka. Mungu awafunike nyote, na mikono yenu isipungukiwe na nguvu.

Nijibu kabla ya Jumatatu: je, nimpe Baba sababu nisiyo na hakika nayo, ikiwa huenda ndiyo itakayomfanya atie saini?

Mdogo wako, akupendaye hata katika hofu hii,

Hakimu