Magoti ya Mama Baada ya Eda

Mtaa wa Shela,
Malindi.
12 Oktoba 1986

Mpendwa kaka Muhidin,

Assalaamu aleikum, na shikamoo. Hali huko Jeddah? Wifi na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, ila joto limeanza kutupika, na dada Harusi mimba yake imemfanya mkali, hasemezeki.

Kaka, leo nimepata kisa. Mama yu hai, nakutangulizia hilo usije ukashtuka kama nilivyoshtuka mimi.

Unajua Baba alipofariki Mama alimkalia eda miezi minne na siku kumi. Usilojua ni jinsi tulivyomkalisha. Mimi na Harusi tulimweka kitandani tukamkataza hata kunyanyua kikombe. Maji ya udhu tulimpelekea, chakula tukamwekea mapajani. Wanawake wa mtaa wakatusifu kwamba tunajua kumtunza mzazi, nasi tukavimba vichwa.

Siku ya kutoka eda ameshaogeshwa, amevaa nguo mpya, ubani unafuka. Akapiga hatua mbili, magoti yakamlegea, akamwangukia Harusi. Nililia mbele za watu bila haya.

Hospitali walimpima, hakuvunjika popote. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja wa Kakuyuni aitwaye Easter, akatuuliza Mama hufanya kazi gani nyumbani. Tukajibu kwa fahari kuwa hafanyi lolote.

“Basi huo ndio ugonjwa wenyewe,” akasema. “Mumemlemaza nyinyi.”

Sikuridhika. Nikaenda kwa mwalimu wa madrasa nikitumai ataniunga mkono, naye akanishangaa. Akasema eda ilimzuia Mama kutoka ovyo na kujipamba. Nani alimkataza kutembea ukumbini mwake? Naona aibu mpaka leo, kaka.

Easter alimpa mazoezi ya nyumbani: kuinuka kitini mara kumi, asubuhi na alasiri, kusimama kwa vidole ameshika meza, kunyoosha mguu umefungwa kimfuko cha mchanga. Sharti lake, asishikwe. Mama akagoma siku tatu, akasema hachezeshwi gwaride uzeeni. Kilichombadilisha ni sala, maana alikuwa akisali ameketi kitini. Siku ya nne akaniambia kwa sauti ndogo, “Mwanatumu, sitaki kufa kabla paji langu halijagusa mswala tena.” Akaanza. Siku hiyo aliinuka mara mbili tu, jasho linamtoka, nami nimejifunga mikono kwa leso nisimkimbilie.

Sasa ya leo, baada ya wiki kadhaa za mazoezi. Adhuhuri nilitoka jikoni na sahani ya wali, nikachungulia chumbani. Kiti kitupu, Mama yuko chini, uso sakafuni. Nilipiga ukelele, sahani ikavunjika. Nikapiga magoti kando yake, nikamwita, haitiki. Nikajua basi, ameshatutoka.

Mara akainua kichwa taratibu, akakaa, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akanigeukia kwa hasira. “Wewe Mwanatumu! Wanipigia ukelele na mie niko salani?” Kisha akashika kiti, akainuka mwenyewe. Mimi ndiye niliyebaki chini.

Harusi na mumewe Mahdi wanakusalimu. Wabusu watoto. Mola akuhifadhi ugenini, akurudishe kwetu salama.

Na ukija, kaka, ukimwona anahangaika kuinuka kitini akupokee, usimkimbilie. Simama mlangoni, umngoje.

Nduguyo akupendaye sana,
Mwanatumu