Kaka, Usijifunze Kulima kwa Kushoto

Kambini, shamba la mkonge,
chini ya milima ya Upare.
Jumatano jioni.

Kaka yangu Gervasi,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea, kisha uniulizie kama miguu bado inamvimba na kama ile dawa ya mizizi imemsaidia au imemtapisha tu. Mimi huku ni mzima, nakula na kulala, ila kwa lile pungufu unalolijua. Usishangae kuona mistari inapanda na kushuka. Naandika mwenyewe kwa mkono huu uliobaki, na tangu nianze hadi hapa nimekwisha kupumzika mara mbili.

Barua ataileta Ezekieli, Muha mwenzetu tuliyekuwa naye kambini, anayerudi nyumbani moja kwa moja. Jumamosi anapanda basi Same hadi Dar, kisha treni ya reli ya kati hadi Kigoma, na kutoka hapo kuja Kasulu ni kudra ya Mungu na malori. Nimemwambia akukabidhi mbele ya mama na shemeji, na asinywe hata maji kabla haijafunguliwa. Tena naomba shemeji ndiye aisome kwa sauti. Najua hupendi kusomewa. Safari hii vumilia.

Hali ya kambini si nzuri. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na kopo la rangi nyekundu, wakaandika namba kwenye kila mlango wala hawakusema ni za nini. Mlango wetu, ule uliokuwa wako kabla haujawa wangu, ni kumi na saba. Shamba linauzwa. Wengine wanasema mnunuzi ni Mzungu, wengine wanasema ni mkubwa mmoja wa humu humu nchini. Tunachosikia wote ni kwamba atachukua mkonge na mashine, lakini madai ya vilema hayachukui. Korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, imezimwa. Ulipokuwa hapa tulikuwa tunailaani ile mashine kwa kelele zake, na sasa kimya chake ndicho kinachotunyima raha. Watu wanaondoka mmoja mmoja, na upepo wa milimani unagonga milango yao mitupu mchana kutwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, ili shemeji anayesoma aelewe, maana nakujua kaka, hukumweleza yote.

Shemeji, kaka alipozidiwa na kile kikohozi akarudi nyumbani, kipande chake cha kazi, ile kadi yenye jina lake, hakukirudisha ofisini. Alinipa mimi. Huku wengi tumeingia hivyo: mtu akiugua au akifiwa, ndugu yake anaingia kwa jina lake ili nafasi isipotee. Nyapara anajua, anatazama pembeni. Miaka mitatu nimeitwa Gervasi kwenye foleni ya alfajiri na nikaitika bila haya. Kwa hiyo siku korona iliponishika mkono wa kulia, kwenye vitabu vya shamba aliyekatika alikuwa Gervasi. Tito hayumo. Tito hajawahi kufanya kazi hapa.

Nesi aliyekuwa akinifunga kidonda ndiye wa kwanza kuniambia kwamba mkono uliopotea kazini una fidia yake kisheria, na kwamba anayekaa kimya hukosa. Nikaenda kwa Mbonea, karani wa shamba. Akajaza fomu, na kila penye jina akaandika lako, kijiji chako, mwaka wako wa kuzaliwa. Niliona raha kuona karatasi inajazwa upesi hivyo. Fomu ikaenda ofisi ya kazi Same, na baada ya muda likaja jibu kwamba wamepeleka barua katani kwetu, kiongozi wa huko aende nyumbani athibitishe kwa macho kuwa Gervasi ni mkazi na kwamba hana mkono wa kulia.

Nilirudi kwa Mbonea mbio. Nilimkuta barazani kwake anachambua mchele wa Kihurio kwenye ungo.

"Karani, sasa tutafanyaje?"

"Tutafanyaje wewe na nani? Mimi nimejaza ulichoniambia."

"Watamkuta kaka ana mikono yote miwili."

Akatupa punje moja ya jiwe. "Basi mwandikie ndugu yako ajue. Mwenye jina ndiye atakayetazamwa."

Nami mjinga nikakuandikia vivyo hivyo. Jibu lako nimelipata Jumatatu. Umesema: "Usihangaike, mdogo wangu. Jina nililokupa mimi ndilo lililokula mkono wako. Waache waje, watakuta wanachokitafuta. Siku hizi najifunza kulima kwa mkono wa kushoto, na si vigumu kama watu wanavyodhani."

Kaka, nilicheka. Nilikumbuka nilipovunjika mguu utotoni, nawe ukachechemea pamoja nami hadi shuleni ili nisichekwe peke yangu, mpaka mwalimu akakuchapa kwa mzaha huo. Nikasema ndiye kaka yangu huyo, hajabadilika.

Vidole vimekufa ganzi. Nitaendelea kesho.

Alhamisi.

Leo nilikwenda Same. Karibu na ofisi za wilaya kuna mama mmoja wa Kipare, Mama Namsifu, anakaa barazani na mashine yake ya kupiga chapa juu ya kreti la soda. Alikuwa mpiga chapa wa serikali, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, na sasa anawaandikia watu barua zao kwenda ofisi zile zile alikofukuzwa. Wenye shida kama zangu wote wanaelekezwa kwake. Ana ulimi mkali kama pilipili kichaa. Alipoona natoa karatasi kwa meno aliniambia, "Weka chini, mwanangu, usinilowanishie ushahidi." Nikacheka, mara ya kwanza wiki hii.

Nilimweleza yote, la jina na la mkono. Nilitaka anishauri namna ya kumwandikia yule kiongozi wa kata ili aseme amekuona bila kukuona. Akaomba asome barua yako pia. Akaisoma. Akairudia mwisho wake. Kisha akaitandika mapajani na kuniuliza, "Huyu kaka yako ni mtu wa maneno au mtu wa vitendo?"

"Wa vitendo, mama. Maneno hana."

"Na huu mwandiko wa chini ni wa nani?"

Nikatazama. Huku juu ni mwandiko wako ninaoujua, umenyooka, ile G ya jina lako ina mkia mrefu. Lakini mistari minne ya mwisho inapanda na kushuka, herufi kubwa kubwa, zinatetemeka. Nilikuwa nimedhani umechoka, au taa iliishiwa mafuta. Kaka, mistari ile inafanana na hii yangu unayosomewa sasa.

Mama Namsifu aliichomoa karatasi iliyokuwa kwenye mashine akaikunja. Pale pale barazani nikaogopa kuliko siku ya korona. Siku ile sikuwa na nafasi ya kuogopa, mambo yalikwisha kabla sijajua yameanza.

"Barua ya ofisi imetoka lini?" akaniuliza.

"Wiki ya tatu sasa."

"Basi inuka. Kuna njia moja tu. Uende mwenyewe useme jina lako, leo hii hii, kabla huyo ndugu yako hajalihalalisha kwa panga."

Nikamwambia nikisema ukweli nitakosa fidia, na pengine nitafungwa kwa kudanganya jina. Akasema, "Huenda. Sikudanganyi. Lakini siku ulipoumia, pale hospitali ulisema unaitwa nani?"

Sikukumbuka. Tukaenda wote. Nesi alifungua daftari kubwa la waliopokelewa siku ile, akafuata kwa kidole, na pale palikuwa pameandikwa Tito. Juu yake pamekatwa kwa kalamu ya rangi nyingine na kuandikwa Gervasi. Nesi alikumbuka. Alisema nililetwa nusu mfu, nikaulizwa jina nikasema Tito, kisha karani wa shamba akafika na kusema mgonjwa anaweweseka, asahihishe. Wewe uliniachia jina zuri, kaka, ila kwenye uchungu ulimi ulikwenda kwenye lile alilonipa baba.

Mama Namsifu alipiga chapa maelezo yangu kurasa mbili, akanisomea neno kwa neno kabla sijaweka dole gumba. Hakutaka chochote. Alinipa na makande katika kopo, akasema mwenye mkono mmoja asihangaike kupika usiku huu.

Ijumaa.

Nimetoka ofisini. Ofisa alisoma zile kurasa, akanitazama, akatazama kigutu changu. "Kwa hiyo mkono huu ulikuwa wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Na Gervasi?"

"Gervasi ana mikono yake yote. Namwomba Mungu."

Alifunga jalada, akaandika juu yake kitu ambacho sikuruhusiwa kukiona. Ameniambia nirudi Jumatatu, nije na nyapara kama nyapara atakubali kuja. Nyapara mwenyewe nilizungumza naye jana jioni, na leo ananikwepa. Mbonea amekwisha kusikia. Alipita mlangoni kwangu asubuhi, akasimama akiisoma ile namba kumi na saba, akaondoka bila salamu. Sijui Jumatatu ni fidia, ni bure, au ni mahabusu. Mama Namsifu amesema atakuja kukaa nami kwenye benchi, na kwamba wakiniweka ndani atajua wa kumwandikia. Nimeamua kumwamini.

Nilimwomba ofisa aizuie ile barua ya katani. Akasema ikishatoka imetoka, ataandika nyingine, nayo itapita mkoani kwanza. Nikaenda posta nikapiga telegramu: SUBIRI BARUA USIFANYE KITU. Yule wa dirishani akaniambia itafika Kasulu mjini na kukaa pale mpaka mtu aje kuiulizia. Na kwetu nani huenda posta kuulizia kitu? Basi tegemeo langu ni miguu ya Ezekieli.

Sasa sikia, kaka, na shemeji asome hapa polepole. Hakuna mtu anayehitaji tena kumkuta Gervasi hana mkono. Nimekwisha kusema. Jina lako nimelirudisha, ni zima, halidaiwi kitu. Hata ukiukata leo hautanisaidia, utanifanya niwe nimepoteza miwili. Mimi kwa huu mmoja najua kufunga kifungo na kula ugali, lakini sitajua kuishi na wa kwako ukiwa umekatwa. Hukunidhulumu. Ulinipa nafasi ya kazi ukiwa huna kingine cha kunipa, nami niliitaka. Nakasirika nawe, unisamehe, nakasirika hata nashindwa kukaa kitako. Nani alikuambia tuwe sawa?

Shemeji, lile panga la shamba lipeleke kwa mjomba, na shoka pia. Ukimwona anashika jembe kwa kushoto, mnyang'anye.

Msalimie mama kwa mara ya pili na umwambie sina neno. Msalimie mjomba wa mtoni, shangazi anayeuza mawese, mwalimu wetu wa katekisimu, na wanao wote, hasa yule wa kwanza aliyepewa jina langu.

Jibu usimpe mtu akuandikie. Liandike mwenyewe kwa mkono wa kulia, toka juu hadi mstari wa mwisho, umpe dereva yeyote anayekuja mjini. Likifika sitaanza kulisoma. Nitatafuta kwanza ile G, nione kama mkia wake bado ni mrefu.

Ni mimi mdogo wako, kwa jina langu,
Tito