Msiningoje kwa Jembe la Kwanza

Sherbrooke, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nikiwa nimeinama kidogo kama ulivyotufundisha, ingawa hapa hakuna anayeniona. Goti lako linasemaje? Beatrisi ananiambia limepoa, lakini unamjua binti yako, hunificha mambo ili nisile chakula changu kwa uchungu. Naomba unijibu mwenyewe. Mpunga umetoka vipi mwaka huu, ndege wamewaachia kitu? Na yule mbuzi mweusi mwenye kiburi, bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini si ule wembamba wa kukutia hofu.

Usishangae kupata karatasi badala ya sauti yangu. Simu yetu ina adabu mbaya: tukizungumzia bei ya sabuni inasikika vizuri, tukifika kwenye jambo lenyewe inakata. Barua hii naiweka mikononi mwa Mama Jakline, ambaye tunasali naye hapa. Anarudi Kindu kwa matanga ya kaka yake. Najua utaisoma mara ya kwanza peke yako na miwani yako, na mara ya pili mbele ya Beatrisi. Ni sawa, yanamhusu na yeye.

Bado niko kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Yanaingia machafu upande mmoja, yanatoka upande wa pili yana joto la mkate, nasi tunayakunja mpaka mabega yanalia. Baridi nimeizoea kama mtu anavyozoea mkwe mkali: hatupendani, lakini tunaishi. Wali upo, mama, ila hauna harufu. Nikiupika nafungua mlango wa chumba kwa mazoea, ili jirani ajue kwamba leo kwetu kuna wali, na hakuna jirani anayejua lolote. Nawakumbuka sana. Siku nyingine nawakumbuka mpaka nakosa nguvu ya kufanyia kazi.

Wakati wa mapumziko kila mtu anatoa simu yake. Mmeksiko anaingia Meksiko, Mhaiti anaingia Haiti, na mimi naingia Kindu. Nimekwambia habari za lile kundi la simu linaloitwa Tusemezane. Humo wako watu wa kwetu wa kila namna, waliobaki na waliotawanyika, na kila mmoja ni waziri wa fedha. Asubuhi wanagombana juu ya maji ya bomba: nani alisaini, nani alikula, kwa nini bomba linakohoa tu bila kutema. Mchana wanahamia kwenye taa za barabarani zilizowaka miezi michache zikachoka. Jioni ni barabara ya Kailo. Msimamizi wa kundi ni Papa Odiloni, karani mstaafu wa reli, ambaye baba yake alitoka Kasai. Huandika maneno marefu kama treni ya zamani, na ukimkatiza anaanza tena kutoka kituo cha kwanza. Yuko pia Mama Salima, muuza samaki wa soko la mjini, ambaye haandiki kamwe. Hutuma sauti yake tu, na nyuma ya sauti nasikia soko, nasikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Mara nyingi simsikilizi Mama Salima. Nasikiliza nyuma yake.

Basi miezi hii hawana neno lingine ila gati jipya la Alunguli. Wanasema safari hii ni kweli: kivuko, ile bac, kimetengenezwa, mashine za kuchimba zimeshafika ukingoni kwetu, na mtu wa Alunguli atavuka mto kwenda mjini na mgonjwa wake, na magunia yake, bila kumbembeleza mpiga makasia. Wabishi walibisha, kama kawaida. "Miye nitaamini siku nitakanyaga ile bac na viatu yangu," Mama Salima alisema. "Zamani walisha kutuonesha bac kwenye picha. Kwenye picha haizamake."

Halafu mtu akatuma picha ya mahali penyewe. Niliikuza kwa vidole, mama. Ukingo umefyekwa wote, sikutambua kitu, wala njia yetu ya kuteka maji. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kimesimama, mungazi mmoja mrefu, mti wa mawese, na shinani wameupaka rangi nyekundu.

Niliweka simu chini nikaenda kukunja mashuka.

Unajua yaliyofuata humo ndani, maana Beatrisi amekueleza baadhi. Wakaanza kuulizana kwa nini mashine zimesimama. Mmoja akasema familia zote zenye makaburi pale ukingoni zimeshayahamisha, imebaki familia moja, na chefu, mkuu wa mtaa, anawaogopa. Hapo kundi likawaka. "Mji muzima unangojea familia moja?" Mwingine akaandika: "Wafu hawavukake mto. Wazima njo wanavuka." Mwingine, kijana wa mjini aliyezaliwa baada ya vita, akasema mashine ipite tu, watu wa Alunguli wamezoea kulia, wakipewa gati wanalilia makaburi. Papa Odiloni akaandika treni yake ndefu, na mwisho wake akauliza kwa upole: "Hiyo familia njo ya nani? Wajitokeze, tuongee nao."

Mimi nilikuwa nasoma nimesimama karibu na mashine ya kukaushia. Sikuwa na hasira nao. Ndilo lililonishangaza. Kila walichosema kuhusu gati, ningekisema mimi.

Jioni ile Beatrisi akanipigia, na kabla simu haijakata akanipa maneno yako kama ulivyomwambia chefu: "Mutoto wa kwanza njo anapigaka jembe ya kwanza. Mutoto yangu iko muzima. Tutamungojea." Na chefu, kwa heshima yako, akanyamaza akaondoka.

Mama, najua hukusema vile kwa ukaidi. Ndivyo tulivyo. Kaburi la baba haliguswi mpaka mtoto wake wa kwanza apige jembe la kwanza na kumwambia kwa nini anasumbuliwa. Babu alihamishwa vile kutoka Obokote, na baba mwenyewe ndiye aliyepiga. Mimi nilikuwa mgongoni mwako, ulinisimulia. Lakini karatasi zangu za kukaa huku hazijatoka. Nikivuka mpaka leo, mlango unafungwa nyuma yangu, na mkono wote ninaowanyoshea unakatika. Wenye ofisi hawasemi lini. Nimewauliza mpaka wananijua kwa sauti.

Acha niandike kitu ambacho hatujawahi kukisema sisi wawili.

Unakumbuka kila nyumba ya Alunguli ilikuwa na mwito wake wa kuita mtumbwi. Mpiga makasia akiwa ng'ambo, hata kama haoni uso, anajua ni nani amesimama na mzigo na kama ni mtu wa kulipa au wa kukopa. Mwito wa baba ulianza chini, ukapanda, ukakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo. Wote waliujua. Alikuwa akivuka na mpunga wake, na kabla hajamaliza kuita, mtumbwi umeshageuka.

Mwaka ule wa vita askari walikusanya mitumbwi yote upande wa mjini wakaifunga, ili wale wa msituni wasivuke. Na tumbo la baba likamkaza wakati huohuo. Hospitali tulikuwa tunaiona, mama. Paa lake lilikuwa linang'aa kule ng'ambo. Tulimlaza ukingoni juu ya mkeka, ukaniambia niite kwa mwito wake, maana sauti yake ilikuwa imekwisha. Nikaita. Asubuhi nikaita, jioni nikaita, kesho yake tena. Baba alikuwa ananirekebisha kwa mkono: panda hapa, kata hapa. Mpaka mkono nao ukanyamaza. Tulimzika palepale kwa sababu njia ya makaburini ilikuwa na askari, na wewe ukapanda ngazi moja, tunda la mungazi, kichwani pake ili tupajue.

Mti ulipozaa, ulitukataza kula mawese yake. Ulisema ni ya watu wanaongoja mtumbwi. Sikuelewa. Nilikuwa na njaa, nikanuna.

Sasa sikia nilichofanya juzi. Sikuandika, kwa sababu nikiandika Kifaransa kinanikimbilia na ninakuwa mtu mwingine. Nilitoka nje ya kiwanda na kofia yangu, nikasema kwa sauti kama Mama Salima: "Wandugu, familia munayoitafuta njo yetu. Chini ya ule mungazi iko baba yangu. Alikufa pale akingojea kuvuka, kwa sababu bac haikukuwa na mitumbwi ilifungwa. Hatukatai gati. Hakuna nyumba Kindu muzima inaitamani kuliko yetu. Tunaomba tu muda wa kumuamusha kwa heshima."

Tusemezane kunyamaza, mama, hebu fikiri. Hata tangazo la simu zinazouzwa halikupita.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mama Salima. Safari hii hakuna soko nyuma yake, alikuwa ameenda mahali pa peke yake. "Mungazi ile? Ile ya bure? Miye nilikulaka ngazi zake miaka yote nikingojea mutumbu. Watoto yangu walikula. Hatukujua ni ya muntu." Kisha akavuta pumzi. "Mutoto wa mama, miaka ile nyumba yetu ilikuwa pembeni ya maji, huku upande wa mjini. Tulikuwa tunawasikia. Kulikuwa sauti moja ilikuwa inaita, inapanda, inakatika. Baba yangu alikuwa mupiga makasia, aliijua ile sauti. Alikuwa anatoka inje anasimama, halafu anarudi anakaa chini. Mutumbu yake ilikuwa kwa askari. Hakukula siku ile. Tulikuwa tunawasikia."

Mama, miaka yote hii nilidhani niliita hewa. Nilikuwa nafikiri labda sikupandisha vizuri, labda nilikata mapema. Nilikaa kwenye ngazi za saruji za kiwanda nikalia, na msimamizi wa zamu, mzungu mmoja mnene mwenye aibu, akasimama karibu nami mpaka nilipomaliza.

Baadaye Papa Odiloni aliandika mstari mmoja tu, kitu ambacho hakijawahi kutokea: kundi litakuja kusimama na familia siku hiyo. Yule kijana wa mjini aliniandikia pembeni kuomba msamaha. Nikamwambia aje ashike koleo, na amekubali.

Kwa hiyo, mama, nakuomba kwa magoti yangu yote mawili, ambayo bado ni mazima: msiningoje. Baba alikufa kwa kungoja. Sitaki na gati lake lingoje, na mwanamke mwingine alaze mume wake kwenye mkeka akitazama paa la hospitali, eti kwa sababu mtoto wa kwanza yuko mbali anakunja mashuka. Nampa Beatrisi jembe langu. Avae lile koti langu la kahawia lililobaki kwenye msumari, kama panya hawajalimaliza, apige la kwanza, amwambie baba: "Faustin njo ananituma." Asiseme zaidi. Baba hakupenda hotuba. Mlazeni shambani, njia ya Punia, pale mpunga unapoanzia, na mchukue ngazi za mti ule kabla haujaanguka, mzipande kichwani pake. Na zikizaa, wapita njia waendelee kula.

Sisemi hivi kwa moyo mwepesi. Nilitaka mikono hii ndiyo iguse udongo ule. Nilikuwa nimejiwekea jambo hilo kama mtu anavyoweka nguo ya sikukuu, na sasa nampa mwingine aivae. Inaniuma, na itaniuma siku hiyo yote, na sitajua saa gani hasa mnapiga.

Nisalimie Beatrisi, mwambie sina kinyongo naye kwa kunificha habari ya goti. Nisalimie Baba Mdogo Kalisto wa Kailo, ndugu wa baba, aje mapema siku hiyo na asilete maneno ya urithi. Nisalimie katekista wetu, na chefu wa mtaa, mwambie ahsante kwa kunyamaza. Mama Salima atakuja kwako mwenyewe kutoka mjini. Mpokee. Mpe kiti cha baba.

Na ombi la mwisho. Siku kivuko kitakapofika Alunguli kwa mara ya kwanza, shuka ukingoni, hata kama goti linakataa, Beatrisi akushike. Kabla hujapanda, ita. Ita kwa mwito wa baba: anza chini, panda, kata. Najua bac haiitwi, ina saa zake na honi yake, na vijana watakucheka. Ita tu, mama, na Beatrisi anitumie sauti hiyo.

Huku niliko nitaisikia.

Mwanao wa kwanza,
Faustin