Chumvi Kwenye Kopo la Wadudu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeitika marahaba kabla hujaipata miwani, na kwamba mdogo wangu Masanja ndiye anayekusomea. Masanja, soma yote, usiruke. Mama, goti linasemaje? Zile dawa unazinywa, au unawaonyesha wageni tu? Mimi mzima, nimenenepa, na nina furaha ambayo kwenye simu isingetosha, maana ungenikatiza kwa vigelegele.

Unakumbuka kazi niliyokueleza? Huku Ujerumani tunabuni kompyuta zisizo na kioo wala vitufe. Zinakaa ndani ya mashine nyingine, za viwandani na za hospitali. Zina vipande viwili: bodi kubwa inayobaki ndani, na kadi ndogo yenye akili, unayoichomeka na kuichomoa kama laini ya simu. Kadi ikizeeka unabadilisha kadi, hutupi mashine. Hii yangu ni ya mashine ya kuwasaidia watoto njiti kupumua, na ndiyo kazi ya kwanza niliyokabidhiwa mwenyewe.

Wenzangu walitaka tuweke feni ya kuipoza. Nikakataa. Nikawaambia feni inavuta hewa, na kwetu kuna majira wadudu wanainuka ziwani kama moshi, wanaingia mpaka kwenye chai. Jürgen, fundi mkongwe wa kundi letu, akacheka: "Kabula, hospitali si zizi la ng'ombe." Nilikasirika, hasira ile unayoijua. Bosi wetu, mama mmoja anaitwa Birgit, akasema nithibitishe. Nikishindwa, kazi anaichukua Jürgen.

Ndipo nikakuomba wadudu wakavu, nawe ukampa kopo dada Neema alipokuwa anakuja huku kusoma unesi. Tukaweka mashine mbili kwenye kabati la joto na unyevu, ya Jürgen yenye feni na yangu isiyo nayo, tukapuliza wadudu ndani. Siku ya tatu, ile ya Jürgen ikaziba, ikazima. Nikatamba ofisi nzima. Siku ya tano na yangu ikazima.

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nilipofungua nikakuta meno ya shaba, pale kadi inapochomekwa, yameota kutu ya kijani. Wadudu peke yao hawafanyi hivyo. Ndiyo siku ile niliyokupigia nikiwa na haraka.

"Mama, wale wadudu uliwafanya nini?"

"Niliwaanika vizuri, nikawatia chumvi."

"Chumvi ya nini tena?"

"We mtoto! Kitu cha safari ndefu utakifunga bila chumvi, kioze njiani? Hata samaki hasafiri hivyo. Unataka wazungu waseme kwetu hatujui kufunga mzigo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake nikawaeleza wote. Jürgen mwenyewe akasema jaribio hilo halihesabiki, turudie bila chumvi. Nilikuwa nimeokoka. Lakini nikazifikiria hospitali za Tanga na Mtwara, zinazopigwa na upepo wa bahari wenye chumvi mwaka mzima. Mtoto wa kule naye ana mapafu. Nikasema hapana, turudie na chumvi ileile ya Mama. Wakaniona kichaa.

Nikabuni upya. Meno nikayapaka dhahabu, bodi nzima nikaifunika kwa rangi ya kinga, na pale kadi inapoingia nikazungushia mpira wa kuziba. Mpira ni wazo la Jürgen, nisimnyime haki yake. Ikakaa kabatini mwezi mzima, mimi sili nikashiba.

Ijumaa tuliifungua. Wadudu wamejaa nje, ndani pasafi, na mashine inapumua taratibu kama mtoto aliyelala. Jürgen alinipa mkono mbele ya watu wote. Na jaribio hilo sasa limeandikwa kwenye taratibu zetu: kila kompyuta ya hospitali lazima ipite kwenye "chumvi ya Mama". Tamba, Mama, ruhusa unayo.

Nisalimie baba mdogo wa Buswelu, mwambie simu yake nitaijibu. Shangazi wa Kiseke, aliyekushikia chandarua mkiwakinga wale wadudu, mpe asante yangu kwa mikono miwili. Na jirani yetu Bi Zuhura, yule mshonaji aliyehamishia cherehani Mabatini, mwambie gauni lake bado linanikaa, kwa shida.

Hili nimelibakiza makusudi. Huku mchoro hauendi kiwandani bila saini ya mtu mmoja. Si ya kampuni, ya mtu. Mashine ikisimama na mtoto yumo, huyo ndiye anayeitwa kujibu. Birgit alinisogezea kalamu, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Nikaishika kalamu, Mama. Niliandika jina langu lote.

Binti yako,
Kabula