Ulichosema Kuhusu Mguu wa Jirani

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na cherehani imepona baada ya kubadilishiwa mkanda. Mama anakusalimu. Anakushukuru pia, na hapo ndipo ninapobanwa.

Wiki tatu zilizopita mama alikatwa mguu, chini ya goti. Nilikuficha ili usihangaike ugenini; nisamehe. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimefika mfupani. Daktari alishauri akatwe, mama akagoma. Mimi ndiye niliyekuwa nakiosha kila asubuhi, nikakiona kinavyogeuka cheusi, nikajua daktari hakosei. Nikamwambia, "Mama, dada aliwahi kusema kikifika mfupani hakuna kusubiri."

Ni kweli ulisema, ila ulikuwa unamzungumzia jirani, kabla hujasafiri. Nilikutaja kwa kuwa maneno ni yako, sikutaka kuyafanya yangu. Lakini kwa kuwa wewe ni nesi, mama akasikia amri. "Mwanangu kasema? Basi wakate."

Sasa kila mgeni anaambiwa wewe ndiye uliyemwokoa. Nikikanusha, ataona nilimdanganya. Nikinyamaza, siku utakayopiga simu atakuuliza mwenyewe.

Nilipofika hapa katika kuandika, mama alikuja na magongo yake, akakaa mlangoni. "Nisomee ulichomwandikia," akasema, "neno kwa neno, usiruke."

Nimemsomea yote. Ameyalaza magongo sakafuni, kisha akasema, "Sasa muulize: angeuona mguu wangu mimi, angesema hivyo?"

Nijibu upesi, dada. Amesema hatanisemesha mpaka ujibu, na bado amekaa pale mlangoni.

Mdogo wako,
Fundi