Nyumba ya Baba Imekuwa Maegesho ya Malori

Tunduma

Dada yangu Anyesi,

Shikamoo. Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha leo, mimi hapa mpakani na wewe huko Isansa. Goti lako linaendeleaje? Na Baba, bado anakohoa asubuhi, au ile dawa imemsaidia? Sisi kwa afya hatujambo.

Nimeamua kuandika kwa sababu ukipokea simu, Baba husikia yote, na neno hili sitaki alisikie kabla ya wewe kulijua. Barua nampa jirani yangu anayekuja huko kununua maharage.

Dada, zile nyumba za wazee ambazo kanisa letu lilitaka kujenga hapa zimekataliwa.

Unajua nilivyozitegemea. Ukishahamia Chitete kwa shemeji, Baba atabaki na nani? Kwangu ni vyumba viwili na mlango mmoja. Alipokuja kutibiwa uliona mwenyewe tulivyohangaika. Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, sasa Baba akikaa mlangoni kuota jua, Mama Upendo anatokea dirishani na sufuria yake! Nyumba hizo zingekuwa ng'ambo ya barabara tu. Yeye angepika, mimi ningepeleka. Kanisa lilikwisha kuchanga matofali, kilichobaki ni baraza la madiwani kutoa kiwanja.

Na diwani wetu si ndiye Yohana, mtoto wa marehemu baba mdogo? Nimelala naye kitanda kimoja, Baba akamsomesha kwa kahawa yake. Alikuja kwangu, akala, tukaomba pamoja. Nikamweleza yote, hata habari ya dirisha, ili awe na la kusema. Akaniambia, "Kaka, huyo ni baba yangu pia. Niachie mimi."

Siku ya kikao tulikaa nyuma na Mchungaji. Yohana aliposimama nikamnong'oneza Mchungaji, "Huyu ni wetu."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "sisi tuna mila. Mzee hapelekwi bwenini kama mwanafunzi. Kuna mzee kule Isansa amenilea mimi. Mwanawe yumo humu ndani, anataka kuja kumtupa huku, kisa mkewe anamkwepa mzee kwa kupita dirishani!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Diwani mmoja mama akamuuliza, "Na wewe uliyelelewa, umemwandalia chumba gani?" Akajifanya hakusikia. Akaomba kiwanja kiwe maegesho ya malori, eti foleni ya mpakani inautesa mji. Wakanyoosha mikono, tukashindwa.

Nilimfuata nje. "Yohana, yale nilikwambia mezani kwangu."

Akanipiga begani. "Kaka, hiyo ni siasa, usiweke moyoni. Wazee wana watoto, malori hayana." Wenzake wakacheka tena, akapanda gari.

Kiwanja ningekisahau, dada. Lakini huyu amemvua Baba nguo mbele za watu, akamvua na mke wangu. Sokoni sasa wanamwita Mama Dirisha. Anacheka nao, akirudi nyumbani anakoroga ugali tu. Nami kanisani tukifika pale pa kusamehe waliotukosea, midomo yangu inajifunga. Uniombee.

Sasa sikia lililonifanya niandike. Juzi Yohana amenitumia ujumbe kama vile hakuna kilichotokea. Anasema anakuja Isansa karibuni, anataka Baba amwekee mikono kichwani na kumwombea kabla ya kampeni. Na Baba, unamjua, atachinja jogoo. Tukimwambia, tutamwondolea mwana katika uzee wake. Tukinyamaza, atambariki mtu aliyemfanya kichekesho ukumbini. Mimi peke yangu siwezi kuchagua. Wewe ndiye mkubwa wetu.

Msalimie shemeji akija kutoka Chitete, na shangazi yetu mwenye duka, na mzee wa kanisa anayemtembelea Baba. Mama Upendo anakusalimu sana.

Baba usimwambie neno kwanza. Naomba unijibu upesi, Yohana asije akafika kabla ya jibu lako.

Ni mimi mdogo wako,
Daudi